Kuchagua, kuseti na kutunza gitaa la besi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza kuhusu besi huanza na "ninunue ipi?" Tukizungumza kidogo, wengi hugundua kwamba besi waliyonayo ni nzuri tu, kinachowasumbua ni shingo iliyopinda, nyuzi zilizochakaa au daraja ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu bisibisi na sikio kuliko pochi.

Maneno machache kwanza ili tusipotezane. Kizingiti ni kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki kwenye mpaka wa kichwa na shingo, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Kikalio ni kipande cha chuma ambacho kila uzi hukikalia pale darajani, yaani kwenye kiwiliwili ambako nyuzi huishia. Freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza ubao, ule uso wa shingo ulio chini ya nyuzi. Nondo ni fito ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo. Na pikapu hapa si gari: ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, inayogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.

Nianze na nyuzi 4 au 5?

Nyuzi 4, isipokuwa una sababu. Besi ya kawaida ina E, A, D na G, na E wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi wa tano, B, hushuka hadi hertz 31. Ugumu wake hauko kwenye kuupiga bali kwenye kuunyamazisha, kwa sababu B hutikisika yenyewe kila unapogusa nyuzi nyingine, na mkono usiozoea huacha mngurumo chini ya kila noti. Shingo nayo inakuwa pana zaidi. Ila kama unapiga na kinanda na waimbaji wanaohamahama kii, utazihitaji D na C za chini ya E kila mara. Hapo usijitese na nyuzi 4.

Vidole vyangu ni vifupi. Nitaweza?

Utaweza. Besi nyingi zina inchi 34 (sentimita 86.4) kutoka kizingiti hadi daraja, lakini zipo za inchi 30 (sentimita 76.2), na hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla aliyoitumia Paul McCartney, ni ya kundi hilo. Uzi mfupi unakuwa mlegevu zaidi na sauti yake huwa ya mviringo, laini kidogo. Wapo wanaozitafuta kwa sauti hiyo hasa, wakiwa na mikono mikubwa kama sinia.

Kabla hujakimbilia besi fupi, tazama kidole gumba chako. Kikikaa juu ya shingo kama umeshika mpini wa jembe, vidole vingine vinapoteza sentimita kadhaa za kufikia. Kishushe hadi katikati ya mgongo wa shingo uone tofauti.

Precision na Jazz zinatofautianaje? Kila besi dukani inafanana na mojawapo.

Zinafanana kwa sababu zimenakiliwa tangu zamani. Leo Fender, mtengenezaji wa gitaa wa Marekani, aliitoa Precision mwaka 1951. Hakuwa wa kwanza kabisa, kwani Paul Tutmarc wa Seattle aliuza besi ya umeme yenye freti miaka ya 1930, ila haikushika. Jina Precision linatokana na freti: ukikandamiza popote nyuma ya freti, noti inatoka sahihi, jambo ambalo kwenye besi kubwa ya kusimama lilihitaji sikio na miaka. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili, kimoja cha E na A, kingine cha D na G, na vipande hivyo vikiungana huzima mvumo wa umeme. Jazz ilifuata mwaka 1960 ikiwa na pikapu mbili na shingo nyembamba, karibu milimita 38 kwenye kizingiti, wakati Precision huwa 41 hadi 44.

Kwa sikio, Precision ina unene wa katikati unaokaa vizuri pamoja na ngoma na gitaa zinazopigwa kwa nguvu. Jazz ina wigo mpana: pikapu ya upande wa shingo ni nene, ya upande wa daraja ina ukali wa kusemasema, na wewe unachanganya. Kundi la tatu ni zile zinazofuata StingRay ya mwaka 1976, yenye pikapu moja kubwa karibu na daraja na saketi inayotumia betri. Hizo hung'ata.

Ukinilazimisha nichague moja ya kufanyia kazi zote, nitachukua aina ya Precision. Ina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni, basi. Huna pa kujificha, na mafundi wa sauti hawajawahi kunilalamikia. Lakini mtu mwenye mkono mwembamba aliyeshika Jazz akatabasamu, asinisikilize.

Ya betri ni bora kuliko isiyo na betri?

Hapana, ni tofauti. Isiyo na betri, wanayoiita pasivu, inaweza tu kupunguza: kitufe cha toni hukata juu, huwezi kuongeza kitu. Yenye betri, aktivu, ina kikuza sauti kidogo ndani kinachoweza kuongeza besi, kati au treble, na kinavumilia kebo ndefu bila kupoteza ukali. Ubaya wake ni kwamba anayeanza huongeza kila kitu hadi mwisho, kisha analaumu ampu, yaani kikuza sauti cha nje chenye spika. Nyingine zina swichi ya kuzima saketi hiyo. Swichi hiyo ni ya maana kuliko watu wanavyodhani, hasa betri ikikata roho katikati ya wimbo wa pili.

Nakagua besi iliyotumika. Nitazame nini?

Rangi iangalie mwisho. Anza na shingo. Iinue besi hadi kichwa chake kiwe karibu na jicho lako, ulenge kuelekea darajani kama mtu anayekagua ubao ulionyooka. Upinde mdogo wa kuelekea kwenye nyuzi ni wa kawaida. Kinachokutisha ni shingo iliyojisokota, upande wa E umepinda kivyake na upande wa G kivyake. Hiyo nondo haiwezi kuirekebisha.

Kisha omba ruhusa ujaribu nondo yenyewe. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Igeuze kidogo tu, robo ya robo ya mzunguko, uhisi kama inaitikia halafu uirudishe. Niliwahi kununua besi nzuri mno kwa macho, nikafika nyumbani nikakuta nati ya nondo imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda. Muuzaji alijua. Nimeipiga miaka miwili nyuzi zikiwa juu kama kamba za kuanikia nguo.

Baada ya hapo piga kila noti, kila freti, kila uzi, polepole, bila ampu. Sikiliza inayokwaruza na inayokufa. Pitisha ukucha juu ya freti za mwanzo uone zimechimbwa na nyuzi kiasi gani. Vijishimo vidogo vinasawazishika, mabonde yanahitaji freti mpya, na hiyo ni kazi ya fundi isiyo ndogo. Chomeka kebo, zungusha vitufe vyote, tikisa plagi pale jeki inapoingilia. Kama ni ya betri, nenda na betri yako mpya mfukoni.

Mwisho ivae kwa mkanda usimame nayo dakika kumi. Besi nyingi huwa kati ya kilo 3.5 na 4.5. Ikipita 5, bega litakueleza. Ukiachia mikono na kichwa kikadondoka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa unaibeba shingo badala ya kupiga. Mkanda mpana wa ngozi yenye manyoya upande wa ndani hupunguza tatizo hilo, hauliondoi.

Napiga kwa mkono wa kushoto. Nigeuze ya kulia?

Inawezekana, lakini kizingiti lazima kibadilishwe kwa kuwa mifereji yake ina upana tofauti, vitufe vitakuwa chini ya kiwiko chako, na pembe ya kuning'inizia mkanda itakuwa upande usio wake. Tafuta ya kushoto, hata kama chaguo ni chache.

Aina ya mbao inabadilisha sauti?

Kidogo. Nyuzi mpya, mahali unapopigia na kimo cha pikapu hubadilisha zaidi, na vyote hivyo unaviweza leo. Mbao zina maana kubwa kwenye uzito.

Naweza kutumia ampu ya gitaa la kawaida?

Kwa sauti ndogo ya kufanyia mazoezi chumbani, ndiyo. Ukipandisha, spika ya gitaa hulazimika kusukumwa mbele na nyuma kuliko ilivyojengwa, na siku moja itapasuka au koili yake itakwama. Ukisikia inatapika, punguza mara moja.

Watu pia huuliza wati. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, yaani tofauti unayoisikia lakini haishangazi. Kwa hiyo kutoka wati 100 kwenda 200 si "mara mbili ya sauti". Ukubwa na wingi wa spika, na kutozidisha masafa ya chini kabisa, husaidia zaidi. Kuna siri nyingine hapa: spika ya simu haiwezi kutoa hertz 41, na bado unaisikia besi kwenye simu, kwa sababu sikio huiokota kutoka kwenye sauti za juu zinazoambatana na noti. Ukitaka usikike kwenye bendi, ongeza kati. Besi tupu hutikisa madirisha na kupotea.

Kuseti besi ni kufanya nini hasa?

Ni kulinganisha vitu vinne kwa mpangilio huu: upinde wa shingo, kimo cha nyuzi, intoneshini (noti kuwa sahihi hadi juu ya shingo), kimo cha pikapu. Mpangilio una sababu. Ukigusa shingo, kimo cha nyuzi kinabadilika. Ukigusa kimo, intoneshini inahama. Ukianza katikati utazunguka usiku kucha. Tumia nyuzi unazokusudia kuzipiga, zikiwa kwenye tyuni yako, na utyuni upya baada ya kila badiliko. Besi iwe katika hali ya kupigwa, si imelala kwa mgongo, maana shingo iliyolala hupinda kidogo kwa uzito wake.

Vifaa ni alenki za saizi zinazofaa, bisibisi, rula ya chuma yenye nusu milimita, tyuna na kepo, yaani kibanio cha kukandamiza nyuzi kwenye freti. Kepo ukikosa, kidole kinatosha.

Naogopa nondo. Nikiigeuza vibaya nitavunja shingo?

Woga huo ni mzuri, baki nao kidogo. Nyuzi nne za kawaida huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 80, na kazi ya nondo ni kuvuta upande wa pili. Unachotafuta si shingo iliyonyooka kabisa bali upinde mdogo, kwa sababu uzi unaotikisika huchora umbo la tumbo na unahitaji nafasi pale katikati.

Pima hivi. Weka kepo freti ya kwanza kwenye uzi wa E, kisha kandamiza uzi huohuo kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa ni rula. Tazama mwanya kati ya chini ya uzi na juu ya freti ya 7 au 8: milimita 0.3 hadi 0.35 inafaa watu wengi. Kadi ya biashara ya karatasi ngumu ina unene wa karibu hivyo. Ikipita kwa kugusa bila kuunyanyua uzi, umefika. Mwanya mkubwa, shingo imepinda mbele. Hakuna mwanya kabisa, imenyooka mno au imepinda nyuma.

Ukiitazama nati yake uso kwa uso, kuizungusha kwa mwelekeo wa mishale ya saa hukaza na kunyoosha. Kinyume chake hulegeza na kuacha nyuzi ziivute shingo mbele. Legeza uzi au nyuzi mbili za katikati kama nati iko chini yake. Geuza kiasi cha robo mzunguko, si zaidi, tyuni, pima tena. Mbao haina haraka: wakati mwingine inaendelea kusogea hadi kesho yake. Alenki lazima iingie hadi ndani na isicheze. Zipo za milimita na zipo za inchi, na ile inayokaribia kuingia ndiyo inayoharibu kichwa cha nati. Ikigoma kugeuka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, acha, mpelekee fundi. Shingo hazivunjwi na robo mzunguko. Zinavunjwa na mtu aliyeongeza bomba kwenye alenki ili apate nguvu.

Nyuzi ziwe juu kiasi gani?

Kandamiza freti ya kwanza, pima freti ya 17 kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Anza na milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G, kisha mkono wako uamue. Anayepiga kwa nguvu atataka zaidi; mwenye mguso mwepesi anaweza kushuka. Kila kikalio kina skrubu mbili ndogo, nazo zigeuze sawasawa ili kisiegemee upande mmoja. Nyuzi za katikati zifuate mviringo wa ubao, zisiwe mstari ulionyooka.

Usishushe nyuzi hadi ziguse freti ili tu useme besi yako ni laini. Uzi usio na nafasi hauwezi kuimba.

Besi yangu inakwaruza. Tatizo ni nini?

Inategemea inakwaruzia wapi, na hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote. Ikikwaruza kwenye freti za 1 hadi 5 halafu ikatulia juu, shingo imenyooka mno: legeza nondo kidogo. Ikikwaruza kuanzia freti ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno, au shingo imevimba pale inapoungana na kiwiliwili. Ikikwaruza uzi wazi tu, na ukikandamiza freti yoyote inakaa kimya, mfereji wa kizingiti umechimbika. Ikikwaruza noti moja peke yake, kuna freti iliyoinuka mbele yake; weka ukingo mfupi ulionyooka juu ya freti tatu na uone kama unayumba kama meza mbovu.

Mara nyingine si freti kabisa. Nati ya ufunguo iliyolegea, chemchemi ya kikalio isiyo na kazi, hata skrubu ya kibao cha plastiki, vyote hulia kwa noti fulani. Bonyeza kimoja kimoja kwa kidole huku mwenzako akipiga noti hiyo hadi kelele ikome.

Na jambo moja la kukupunguzia mawazo: chomeka kwenye ampu kabla hujaamua kuna ugonjwa. Mkwaruzo mwepesi unaosikika chumbani mara nyingi haufiki kwenye spika.

Uzi wazi uko sawa, lakini nikipanda juu noti zinatoka nje ya tyuni.

Hiyo ni intoneshini. Tyuni uzi, kisha gusa kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, halafu kandamiza freti ya 12 upige. Noti zote mbili zinatakiwa kulingana. Ya kukandamiza ikiwa juu, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo, uzi urefuke. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni, rudia. Kikalio cha E huishia nyuma ya vingine. Hiyo ni sawa, usikione kama kosa.

Ukishindwa kabisa kuipata, badilisha nyuzi kabla ya kubadilisha chochote. Uzi uliochakaa hautikisiki sawasawa urefu wake wote, na hakuna mahali pa kikalio patakapoutibu.

Pikapu ziwe karibu kiasi gani?

Kandamiza freti ya mwisho, acha milimita 2.5 hadi 3.5 kati ya uzi na pikapu, upande wa G ukiwa karibu zaidi. Ukiisogeza mno, sumaku huuvuta uzi na noti huyumba kana kwamba ina nafsi mbili. Kisha sawazisha kwa sikio, nyuzi zote zitoke kwa nguvu moja.

Nichague nyuzi za aina gani?

Zilizozungushiwa waya wa mviringo ndizo zenye mng'ao na makali, na ukipitisha kidole zinakwaruza. Zilizozungushiwa waya bapa ni laini kama kioo, sauti yake ni nene na fupi. Zipo pia zilizovikwa nailoni, nyeusi, zinazokaribia sauti ya besi ya kusimama. Unene wa kawaida ni 45, 65, 85 na 105, yaani sehemu za inchi moja iliyogawanywa mara elfu. Seti ya 40 hadi 100 ni laini kidogo kwa vidole. Ukihama kutoka seti moja kwenda nyingine nene zaidi, shingo itavutwa zaidi. Pima upya.

Kwenye besi isiyo na freti, nyuzi za mviringo hula mbao za ubao. Mpiga besi Jaco Pastorius alizipiga hizohizo, lakini alikuwa ameupaka ubao wake gundi ngumu ya mashua.

Nibadilishe nyuzi baada ya muda gani? Na kuchemsha kunasaidia?

Za mviringo hupoteza mng'ao ndani ya wiki au miezi michache, kulingana na jasho lako na unavyozifuta. Nyuzi bapa zinaweza kukaa miaka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, anajulikana kwa kutozibadilisha hadi zikatike, na hakuna anayelalamikia sauti yake.

Kuchemsha kunasaidia, kwa muda. Kinachoua mng'ao ni mafuta na uchafu ulioingia kati ya mizunguko ya waya, na maji ya moto huutoa. Dakika kumi zinatosha, kisha zikaushe kabisa. Kuziloweka kwenye spiriti usiku mmoja ndani ya chupa iliyofungwa hufanya kazi hiyo bila kuleta kutu. Lakini kila unapoufungua uzi na kuufunga tena unauchosha pale ulipokunjwa, kwa hiyo usitarajie kurudia mara nyingi. Njia rahisi kuliko zote ni kitambaa kikavu, kila ukimaliza kupiga, juu na chini ya kila uzi.

Nafungaje uzi mpya bila kuuharibu?

Uvute uzi hadi kwenye kigingi chake, upime sentimita 10 hadi 12 zaidi ya hapo. Sasa zingatia: ukunje kwanza kwa pembe kali mahali utakapokata, halafu ukate upande wa nje wa mkunjo. Ukikata uzi mnene kabla ya kuukunja, waya wa nje unaweza kuteleza juu ya kiini na kulegea urefu mzima. Uzi huo umekufa hata kabla haujalia. Mimi niliua E mpya namna hiyo, saa moja kabla ya onyesho, nikaishia kuirudisha ile ya zamani.

Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi, ilalie kwenye mpasuo, kisha kaza huku ukiuvuta kwa mkono mwingine ili mizunguko ishuke chini kwa mpangilio bila kupandana. Miwili au mitatu inatosha. Ukishatyuni, ubonyeze uzi kwa kidole mbele ya kikalio na mbele ya kizingiti, ukae. Wengi hawafanyi hivi, kisha wanashangaa noti inayoyumba kwenye nyuzi mpya.

Kuna mvumo, au kelele za kukatakata.

Mvumo unaokoma ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Waya wa ardhi unafanya kazi na mwili wako unaingia kwenye mnyororo. Mvumo unaoongezeka ukigusa nyuzi unaonyesha waya huo umekatika, mara nyingi chini ya daraja. Kwenye Jazz, pikapu mbili zikiwa wazi kabisa kwa usawa mvumo huzimika. Ukipunguza moja unarudi. Hiyo ndiyo tabia yake.

Lakini maikrofoni ikikupiga shoti mdomoni ukiwa umeshika nyuzi, acha kupiga hapohapo. Tatizo ni la umeme wa jengo au ampu, na si jambo la kuvumilia.

Kelele za kukatakata unapozungusha kitufe ni vumbi: spreyi ya kusafishia swichi, zungusha mara ishirini, imekwisha. Zikitokea unapotikisa kebo, jaribu kebo nyingine, kisha angalia nati ya jeki. Imelegea? Usiikaze kutoka nje tu. Jeki nzima itazunguka ndani na kukata nyaya zake, na utakuwa umegeuza kazi ya dakika moja kuwa ya kulehemu. Fungua kifuniko, ishike kwa ndani, ndipo ukaze. Na kebo ipitishe nyuma ya mkanda kabla ya kuichomeka, ili ukiikanyaga uvutike mkanda.

Betri inaisha haraka mno.

Kebo unaichomoa? Kwenye besi ya betri, jeki ndiyo swichi. Kebo ikilala humo usiku kucha, saketi inalala ikiwa macho. Sauti ikianza kupungua au kuchanika kwenye noti za nguvu, badilisha. Volti 9 mpya ndani ya begi haichukui nafasi.

Ubao wa freti niusafishe kwa kitu gani?

Mbao nyeusi isiyopakwa vanishi, kama rozwudi, ipake matone machache ya mafuta ya limau ya ubao mara moja au mbili kwa mwaka, uyafute yote baada ya dakika chache. Ubao wa mepo uliopakwa vanishi usiupe mafuta. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Ukisugua freti kwa sufi ya chuma, funika pikapu kwa tepu kwanza. Vumbi la chuma likinaswa na sumaku hutalitoa lote.

Niihifadhije? Nilegeze nyuzi?

Iache kwenye tyuni. Shingo iko kwenye mizani kati ya nyuzi na nondo, na ukiondoa upande mmoja kwa miezi itapinda kuelekea mwingine. Kuzitoa zote kwa nusu saa ya usafi hakuna neno. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 unaifaa. Hewa ikikauka mbao husinyaa lakini freti hazisinyai, ndipo unapohisi ncha zake zinakwangua mkono. Msimu ukigeuka, pima upinde wa shingo kabla ya kulaumu nyuzi. Ndani ya gari juani, usiiache kamwe.

Kama rangi yake ni ya nitro (vanishi ya nitroselulosi), angalia stendi: mpira wa baadhi ya stendi huyeyusha rangi hiyo na kuacha alama isiyotoka. Ivike kitambaa cha pamba.

Noti moja kwenye uzi wa G inazimika haraka kuliko nyingine. Besi imeharibika?

Haijaharibika. Shingo yenyewe ina mtikisiko wake, na noti inayokutana nao hunyonywa nguvu. Kwenye besi nyingi za shingo ya kufungwa kwa skrubu hutokea kati ya freti ya 5 na ya 7 ya uzi wa G. Kubana kipande cha chuma kwenye kichwa huhamisha tatizo, mara nyingine likaangukia mahali pabaya zaidi. Mimi noti hiyo huipiga kwenye uzi wa D, freti tano juu.